Mtu Asiyetaka Kuandikwa

Mtaa wote wa Mfaranyaki ulimjua Pankrasi Mbano kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Mshahara alilipwa na halmashauri, alikokuwa karani wa masjala mpaka alipostaafu, miaka ile maduka ya Songea yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi, na kwenye miti ya mjini zikapepea bendera za vyama ambavyo watu walikuwa bado wanajifunza majina yake. Lakini watu walipomwita Karani, hawakuwa wakiwaza masjala. Waliwaza makaburi.

Mtu akifa, hata kabla mbao za jeneza hazijatafutwa, mmoja wa wafiwa alifika kwa Pankrasi, akaketi barazani na kusema, "Karani, tumepatwa." Naye alichukua karatasi na kuuliza maswali yake yale yale. Alizaliwa wapi. Alibatizwa lini. Alisoma wapi, akaoa au akaolewa na nani, akafanya kazi gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi, na alianza kusumbuliwa na nini. Kesho yake, jeneza likiwa uani, alisimama na kusoma historia ya marehemu kwa sauti nyembamba isiyotetemeka, na watu wakasikia maisha ya mwenzao yakiwa yamenyooka kuliko alivyoyaishi. Wapo waliosema kwamba msiba usiosomwa na Karani ni msiba mbichi.

Mtu huyu ndiye aliyeamua, baada ya kustaafu, kuandika riwaya.

Alimwambia mkewe tu. Asumpta alikuwa uani akimenya nyuzi za majani ya maboga, akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Riwaya ya nani?"

"Ya mtu ambaye hayupo."

"Hayupo, amekufa?"

"Hajawahi kuwapo, Mama Eric. Namtunga mwenyewe."

Asumpta akaacha kumenya. "Baba Eric, wenzako wakistaafu wanafuga nguruwe."

Lakini Pankrasi alikuwa amelibeba jambo hilo tangu utotoni. Alikuwa amewaona vijana wa Kingoni wakipanda malori kwenda kukata mkonge Tanga, manamba, wakiimba mpaka vumbi likawafunika. Wengine hawakurudi. Waliorudi walikuja na baiskeli, na blanketi, na ukimya. Ukimya ule ndio aliotaka kuuandika. Akamtunga kijana, akampa jina Libori, akageuza migongo ya karatasi za vikao vilivyokwisha kusahauliwa, na asubuhi moja akaketi kwenye meza ya chumba cha mbele.

Mkono, hata hivyo, ulikuwa na mazoea yake. Uliandika kwamba Libori alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji kimoja upande wa Namtumbo, akabatizwa, akasoma hadi darasa la nne, akaenda Tanga, akaoa, akajaliwa watoto, akaanza kusumbuliwa na homa. Karatasi ya pili haikuwa imejaa, na Libori alikuwa amekwisha kuzikwa.

Pankrasi akaitazama kazi yake kwa muda mrefu. Akaichana, akaanza upya. Libori akafa tena, safari hii mapema zaidi. Wiki nzima alimzika kijana yule kila asubuhi, na kila alipomzika aliona ni kitu gani kilikuwa kimekosekana: hakujua lolote kuhusu mchana mmoja wa maisha ya manamba. Walikula nini, walicheka nini, mkonge unamfanyaje mtu mikononi. Msibani hakuna aliyewahi kumwambia mambo hayo, kwa sababu yeye hakuwahi kuyauliza.

Mtu wa kuulizwa alikuwa jirani. Katika nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi Mzee Otto Gama, aliyekwenda Tanga kijana na kurudi mtu mzima, na ambaye sasa alikaa kwa mwanawe, mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa safarini zaidi kuliko nyumbani. Evaline, mke wa mwanawe, ndiye aliyemtunza.

Pankrasi alimkuta mzee akichonga mpini wa jembe kwa panga.

"Shikamoo, Mzee Gama."

"Marahaba, Karani. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwako."

"Kwangu?" Otto akapuliza vumbi la mti. "Karibu basi. Si kawaida yako kuja mahali watu wakiwa wazima."

Wakacheka wote wawili. Pankrasi akakaa, akatoa karatasi, akatoa kalamu, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo karani mwingine yeyote duniani angelifanya bila madhara. Alikusudia kuuliza juu ya mkonge. Ulimi ukashika njia yake ya zamani.

"Mzee, ulizaliwa mwaka gani?"

Otto akaendelea kuchonga.

"Na ulibatizwa wapi?"

Panga likasimama. Mzee akamtazama Pankrasi, akaitazama karatasi, akamtazama tena.

"Watoto wangu unawajua," alisema polepole. "Wajukuu umeshawahesabu?"

"Mzee, sivyo unavyodhani. Ni kitabu."

"Cha nani?"

"Changu. Natunga habari za mtu aliyekwenda Tanga. Mtu wa kubuni."

"Mtu wa kubuni anautakia nini ubatizo wangu?"

Otto akasimama, akaushika mpini kama mtu asiyejua bado kama ni mpini au ni fimbo.

"Karani, nipo mbele yako, napumua. Kama una haraka, nenda kwanza kwa wenye haraka."

Mambo yangeishia hapo, na kicheko kingeyamaliza, kama Otto asingeugua. Lakini haikupita wiki akalala na kikohozi kilichosikika mpaka njiani. Ulikuwa mwezi wa baridi, na baridi ya Songea hukohoza wengi, ila hakuna aliyeitaja baridi. Walisema tu kwamba Karani alikwenda kwa mzee na karatasi, akamwuliza alizaliwa lini na alibatizwa wapi, na mzee kesho yake hakuamka vizuri.

Wa kwanza kulitamka hadharani alikuwa Salum, fundi cherehani wa pale kona, Mnyamwezi aliyehamia kutoka Tabora. Kwa kuwa Wanyamwezi na Wangoni ni watani, Salum alikuwa na ruhusa ya kumwambia Mngoni lolote mchana kweupe, hata msibani.

"Ewe Mngoni!" alipaza sauti Pankrasi alipopita. "Babu zako waliua kwa mkuki, tukawaona wakija, tukakimbia. Wewe unaua kwa kalamu kila asubuhi, tukimbilie wapi?"

Waliokuwa wakisubiri suruali zao wakacheka. Pankrasi naye akacheka, kama inavyompasa mtani. Lakini aligundua kwamba kicheko cha wale watu kilikatika kabla ya chake, na kwamba mmoja wao, mwanamke mjamzito, alikuwa amevuta kanga na kufunika tumbo.

Kuanzia siku ile alianza kuona. Jumapili, baada ya misa, wanaume waliokuwa wakizungumza kwa sauti walizungumza kwa upole alipowafikia, upole ule anaopewa mgonjwa au polisi. Kwenye kilabu cha ugimbi, walimpa kata ya pombe haraka kupita kawaida, ili anywe na kuondoka. Mzee Isidori, ambaye kila mtu alijua kwamba mguu wake ulikuwa umevimba tangu masika, alipoulizwa unaendeleaje, alijibu, "Mguu upi?" na akauficha chini ya benchi.

Na kama ilivyo desturi ya shaka, ilipokaa kwa majirani muda wa kutosha, ikavuka njia ikaingia nyumbani kwa Pankrasi mwenyewe. Akaanza kujiuliza. Mzee Gama aliyajua maswali, sawa. Lakini Salum alijuaje kwamba anaandika kila asubuhi? Nani alijua kwamba anaandika juu ya mtu anayekufa? Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.

Alimtazama mkewe akipanga vyombo. Alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akasema:

"Mama Eric, nani amewaambia watu habari zangu?"

"Mimi," Asumpta akajibu palepale. "Nilimwambia Evaline, bombani. Aliniuliza ni nani aliyefariki kwetu, maana akipita asubuhi anakusikia ukisoma kwa sauti, fulani alizaliwa, fulani alizikwa. Nikamwambia ni riwaya. Ulitaka niseme nini?"

"Ungenyamaza."

"Ningenyamaza, wangesema zaidi."

Asumpta akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kuondoka, akarudi. Sauti yake ikashuka.

"Baba Eric, nikuulize. Mimi nimo?"

"Umo wapi?"

"Kwenye hayo makaratasi. Umeniandika?"

Alimwoa mwanamke huyu akiwa binti wa kuimba kwaya, amezaa naye, amezika naye mtoto. Hakuwahi kuona macho yake yakimtazama hivi, kama mtu anayetazama maji meusi kabla ya kuingiza mguu.

"Humo," alisema. "Nakuapia."

Asumpta akaenda zake jikoni. Hakuuliza kama riwaya ni nzuri.

Pankrasi akakusanya karatasi, akazifunga kwa kamba ya katani na kuziweka juu ya kabati. Akajisemea kwamba nguruwe nao wana heshima yao. Lakini ilikuwa bure. Asubuhi mwili uliamka wenyewe na kwenda mezani, ukakaa pale mikono mitupu, na Libori akasimama kwenye lori lake akingoja aambiwe lori linaelekea wapi. Kama Otto Gama angekufa bila kusema, lori lile lisingefika popote. Na kama Otto Gama angekufa, nani Mfaranyaki angempa Pankrasi tena mkono? Wangemleta asome historia ya mzee, kwa sababu hakuna mwingine, na wangemsikiliza kila neno kama wanavyomsikiliza mshitakiwa.

Ndipo Evaline alipokuja. Alisimama mbali na baraza.

"Shikamoo, baba. Mzee anakuita."

"Hali yake?"

"Anakuita tu. Amesema uje na kalamu yako."

Walikuwa wamemtoa Otto juani, kwenye jamvi, amejifunika blanketi, mgongo ameegemeza ukutani. Pankrasi aliona mara moja kwamba hakuitwa kwa mazungumzo. Salum alikuwapo, ameacha cherehani yake. Mzee Isidori alikuwapo pamoja na mguu wake. Wanawake wawili walikaa karibu na jiko, wakijifanya wanachambua maharage.

"Kaa, Karani," alisema Otto. Sauti ilikuwa imechoka, macho hayakuchoka. "Unasema kuandikwa hakudhuru."

"Hakudhuru, mzee. Ni wino tu."

"Vizuri. Basi andika ya kwako. Historia yako wewe, kama unavyotuandikia sisi. Hapa hapa, tukuone. Halafu usome."

Pankrasi akatabasamu. Jambo lilikuwa jepesi kuliko alivyoogopa, na akaona mlango wa kutokea umefunguliwa. Akaweka karatasi juu ya goti. Kalamu ikaenda mbio, kwani njia iliijua. Watu wakaangalia mkono wake kama wanavyoangalia mkono wa mcheza karata.

"Soma," alisema Otto.

"Pankrasi Mbano alizaliwa mwaka 1939. Alibatizwa akiwa mchanga. Alisoma hadi darasa la nane. Aliajiriwa kama tarishi, baadaye karani wa masjala, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu. Alifunga ndoa na Asumpta Ngonyani, wakajaliwa watoto watano, mmoja ametangulia. Alikuwa mshiriki mzuri wa..."

"Wa nini?" aliuliza Isidori.

"Wa shughuli za misiba."

"Hiyo tu?" Salum akapiga goti. "Mngoni! Miaka yote hiyo? Hata mbuzi wangu ana habari nyingi kuliko wewe, na hajasoma!"

Wanawake wa maharage wakacheka. Pankrasi aliitazama karatasi na kuona kwamba Salum amesema kweli. Ilikuwa fupi kuliko ya Libori. Otto hakucheka.

"Endelea."

"Nimeishia hapo, mzee."

"Za wenzako haziishii hapo. Za wenzako zina 'alianza kusumbuliwa na'. Zina siku. Andika."

Pankrasi akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Aliandika neno "alianza". Maneno haya alikuwa ameyaandika mara nyingi kiasi cha kuweza kuyaandika usingizini, ya watoto na ya vikongwe, na kila mara aliamini kwamba ni wino. Sasa alitafuta ugonjwa wa kujiandikia. Akafikiria moyo, na moyo ukadunda. Akafikiria tumbo, akahisi kitu kikichoma upande wa kushoto ambacho hakikuwapo asubuhi. Hata maharage yalinyamaza.

Akainua kalamu.

"Siwezi," alisema.

Otto akaanza kucheka. Alicheka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka kikohozi kikamshika na Evaline akakimbia kumshika mgongo. Alipopata pumzi alimwonyesha Pankrasi kidole.

"Kumbe! Kumbe na wewe! Ulituambia ni wino, nawe unaogopa kama sisi!"

"Naogopa, mzee," alisema Pankrasi, na aliona aibu, na pia aliona kwamba Isidori, kwa mara ya kwanza tangu lianze jambo hili, alikuwa ameunyoosha mguu wake mbele za watu.

"Huyo kijana wa kitabu chako," Otto akaendelea, akifuta macho. "Anafia wapi?"

Pankrasi hakuweza kusema uongo mbele ya wale wote. "Tanga. Kambini. Homa."

"Ameshakufa tayari?"

"Karatasi ya pili."

"Mtoto wa watu! Hata mkonge hajaugusa! Mfufue."

"Loo," alisema Salum, akiinuka kurudi kwenye suruali za watu. "Hiyo sasa si kazi ya karani."

Otto akasubiri mpaka wengine nao walipoanza kutawanyika. Akamwambia Pankrasi asogee pale, mbele yake, ili aione karatasi, na kila atakachoandika akisome kwa sauti. Asiandike mwaka. Asiandike jina la baba yake. Kisha akaanza kusimulia.

Alisimulia kwamba siku ya kwanza shambani hakuna aliyemwambia ukweli kuhusu maji ya mkonge. Alikata kwa fujo, kijana mwenye nguvu, akitaka kuwazidi wenyeji, na yale maji yakamwagika mpaka viwiko. Ilipofika saa ya kula, mikono yake yote miwili ilikuwa imevimba na kuwasha kama imemwagiwa upupu, akaiosha kwa mchanga, ikazidi. Ugali ukawekwa mbele yake, wa moto, naye asiweze kuushika. Manamba wenzake wakacheka. Halafu mmoja, mtu mkubwa wa kutoka huko Nyasa, akaacha kucheka, akaja akakaa karibu, akafinyanga tonge, akachovya kwenye maharage na kumlisha. Alimlisha mpaka akashiba, kama mama anavyomlisha mtoto, wala hakusema lolote. Siku tatu alimlisha.

"Jina lake nani?" aliuliza Pankrasi.

"Simkumbuki." Otto akaitazama mikono yake juu ya blanketi. "Mtu alinilisha, na jina lake silikumbuki. Andika hivyo."

Pankrasi akaandika hivyo, akasoma hivyo. Akagundua kwamba anaandika polepole, kama mtu anayetembea gizani, na kwamba hajui sentensi inayofuata ni ipi. Alipotaka kuuliza tena, Otto alikuwa amefumba macho.

"Basi. Njoo siku nyingine. Sitakumalizia leo, Karani. Siku nikikumalizia, mimi na wewe tutabakiwa na kazi moja tu, na hiyo naijua."

Baridi ikapita, Otto akapona, akamaliza mpini wake. Pankrasi akawa anakwenda kwake mara kwa mara, na mzee alimgawia habari kama chumvi ya kukopesha. Alimpa mpishi wa kambi aliyekuwa na wake wawili wasiojuana. Alimpa ngoma za Jumapili, na mnyapara aliyeogopa vyura. Alirudia, alibadilisha, alikana aliyoyasema wiki iliyopita. Libori akawa hai mezani pa Pankrasi, akala, akagombana, akapenda mwanamke asiyemfaa, na karatasi zikafika unene wa misale ya kanisani. Asumpta alizitazama akipita na chai, bado kwa pembe ya jicho, lakini alipita karibu zaidi.

Ila kila Pankrasi alipokaribia mwisho, mzee alikwepa.

"Na ulirudije nyumbani, Mzee Gama?"

"Nani kakuambia nilirudi?"

Ikaja masika. Asubuhi moja, mvua ikiwa inanyesha, Pankrasi alikuwa mezani aliposikia kikohozi kikitoka nyumba ya tatu. Kilikuwa kile kile cha zamani, kirefu, cha kutoka chini kifuani. Na kabla hajawaza kitu kingine chochote, kabla ya kusema masikini mzee, moyo wake ulisema: bado hajaniambia alivyorudi.

Akaganda. Akajisikiliza, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni ndani ya nyumba yake. Halafu akautazama mkono wake ulioshika kalamu, akautazama hasa, kwa macho yale waliyomtazama nayo wanaume wa kanisani, na Isidori, na mwanamke aliyefunika tumbo kwa kanga. Miezi yote ile aliwahesabia upumbavu. Sasa hakuwa na hakika ni nani aliyeona vizuri.

Aliweka kalamu mezani, akaacha karatasi zilivyo, akachukua mwavuli na kwenda.

Otto alikuwa kitandani, mlango umefunguliwa ili aone mvua. Jambo la kwanza alilotazama lilikuwa mikono ya mgeni wake, kisha mfuko wa shati lake.

"Leo huna silaha?"

"Sina, mzee. Shikamoo. Nimekuja kukuona tu."

"Kuniona tu."

"Ndiyo."

Otto akamtazama muda mrefu, kutoka kwenye viatu vilivyolowa mpaka kichwani, na ilikuwa wazi kwamba haamini hata neno moja.

"Evaline!" akaita. "Mletee Karani kiti." Akakohoa, akajifuta mdomo, bila kuondoa macho kwa Pankrasi. "Kiweke pale kwenye mwanga, mama, nimwone vizuri."